Soma Mlango wa Mzinga Kwanza

Siku ya kwanza nilipofungua mzinga wa nyuki nilikuwa nimevaa kofia ya harusi ya mwanamke wa Kizungu. Naanza hapo kwa sababu najua vijana wa stesheni ya nyuki mtacheka, na afadhali mcheke mapema, kabla hatujafika mahali ambapo mimi mwenyewe sicheki. Wiki jana mliniaga vizuri, kwa keki na soda na saa ya ukutani ambayo sijui mnadhani sasa nitaihitaji ya nini. Mkaniambia niandike jinsi nilivyoanza kazi hii. Nadhani mlitarajia habari za vyeo. Vyeo viko kwenye faili, kama panya hawajavila. Mimi nitaandika habari za mizinga miwili, mzee mmoja wa Riruta, na barua.

Nilifika Nairobi kutoka Maragoli katika miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, nikiwa na Biblia, blanketi na kipande cha kitambulisho kisichokuwa na sahihi ya bwana yeyote. Mtu ambaye kipande chake hakikuwa na sahihi ya mwajiri alikamatwa na kurudishwa kwao kama kifurushi kilichokosewa anwani. Lakini kazi zilikuwa nyingi, na sisi watu wa magharibi tulimshukuru Mungu kanisani kwa sauti kubwa bila kuuliza kwa nini zilikuwa nyingi. Zilikuwa nyingi kwa sababu Wakikuyu waliozifanya walikuwa wamezolewa kwa malori na kupelekwa kizuizini. Hilo tulilijua wote, ila halikuwa kwenye sala.

Nilipata kazi ya bustani Lavington, katika nyumba ya mawe ambayo mgongo wake ulitazama shamba la kahawa. Bwana wa nyumba alikuwa na ofisi mjini, na sisi watumishi tulimwita Bwana Kitabu, maana hakupanda hata kitunguu bila kufungua kitabu kilichoandikwa Uingereza. Kitabu kikisema mwezi huu ni wa baridi, alivaa sweta huku jua likimchoma shingo. Hakuwa mkali. Alikuwa na ule upole wa mtu ambaye maisha hayajawahi kumnyima kitu akahitaji kupaza sauti.

Siku ya kwanza alinionyesha stoo ya vifaa. Humo nikakuta jembe ambalo mpini wake ulikuwa umechongwa herufi K, kwa ustadi, na umelainika mahali pa kushika. Nikamuuliza mpishi, Shabani, mtu wa Mumias aliyekuwa amepika katika nyumba ile miaka mingi na kujua siri zote za sufuria na za watu.

"Hiyo ni ya Kamau," akasema. "Wewe umelala kwa kitanda yake, sasa unashika jembe yake. Memsab alimtuma mjini kununua mbegu, akapatwa na msako. Hajarudi mpaka leo."

"Alikuwa amefanya nini?"

"Alikuwa amezaliwa Riruta."

Shabani akaniambia pia kwamba barua moja tu ya mwajiri ingeweza kumtoa Kamau, barua ya kusema huyu ni mtu wangu, ninamjua, alikuwa kazini. Bwana Kitabu alikuwa ameombwa aiandike, akasema ataliangalia jambo hilo. Alikuwa akiliangalia kwa mwaka mzima. Nililishika lile jembe nikalima nalo, na ukweli ni kwamba lilikuwa jembe zuri.

Sasa nyuki. Klabu ya bwana wangu ilikuwa na maonyesho ya maua na mboga kila mwaka, na kikombe cha fedha kwa asali bora. Bwana Kitabu alikuwa ameshindwa kwa waridi, akashindwa kwa kabichi, akaona asali ndiyo njia iliyobaki. Akaagiza mzinga kutoka Uingereza. Ulikuja kwa meli, vipande vipande ndani ya kreti, pamoja na fremu, bomba la kutolea moshi, glavu, kofia moja yenye wavu, na kitabu kinene. Aliniita barazani.

"Wewe najua nyuki?"

"Ndiyo, Bwana."

Nilichokijua kuhusu nyuki ni kukimbia. Lakini kijana mwenye sahihi mpya kwenye kipande hujibu ndiyo kwa kila kitu, na kama angeniuliza iwapo najua kurusha ndege ningesema ndiyo vilevile.

Tukaupaka mzinga rangi nyeupe, tukauweka kwenye nyasi karibu na meza ya chai, mlango wake ukitazama viti, ili wageni wawaone nyuki wakienda kazini. Ndipo nikauliza, kwa heshima zote, nyuki wenyewe watatoka wapi. Bwana Kitabu akafungua kitabu. Akafunga kitabu. Alikuwa ameagiza nyumba, akasahau wenyeji. Kwa wiki kadhaa alikuwa akirudi kutoka ofisini na kusimama mbele ya mzinga mtupu na bilauri mkononi, kama mwenye hoteli asiye na wageni. Halafu siku moja kahawa ilipokuwa ikichanua, kundi likaja lenyewe kutoka upande wa bonde, likatua, likaingia. Bwana akampigia kila rafiki yake simu.

Jumapili iliyofuata aliwaalika kwenye chai ili awafungulie mzinga mbele ya macho yao. Kitabu kilisema wazi: fungua mzinga adhuhuri, jua likiwa kali, kwa kuwa nyuki wengi wako malishoni na walio ndani ni wapole. Huenda ndivyo nyuki wa huko walivyo. Nyuki wetu, saa sita ya jua kali, ni kama askari uliyemwamsha usingizini na kumwagia maji. Sikulijua hilo. Bwana alivaa kofia yake yenye wavu na glavu. Kwangu hakukuwa na kitu, basi memsab, mke wa bwana, kwa huruma yake akanitolea sandukuni kofia aliyoolewa nayo, yenye maua ya kitambaa na wavu mweupe unaoshuka mpaka kidevuni. Shabani alinitazama kupitia dirisha la jikoni, akapotea. Alikuwa amekaa chini akicheka.

Bwana alifungua kifuniko kama anayefungua sahani ya nyama. Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Mchungaji aliruka ndani ya bwawa la samaki na joho lake. Mwanamke mmoja mnene alikimbia akaruka ua wa michongoma ambao mimi, kijana wa miaka ishirini, nilikuwa nikiuzunguka kila siku. Mbwa hakuonekana kwa siku mbili. Mimi nyuki waliingia chini ya wavu wa harusi, nikakimbia kuelekea kwenye kahawa nikiwa bibi arusi, nikipiga makofi usoni mwangu. Kuna methali isemayo fuata nyuki ule asali. Aliyeitunga hakuwahi kufuatwa.

Jioni Bwana Kitabu, jicho moja limefumba kabisa, aliniita tena. "Wewe nasema najua nyuki. Nyuki nauma mtu tena, wewe narudi Kavirondo."

Kavirondo ndilo jina Wazungu walilouita upande wetu wa magharibi. Kitabu hakikulaumiwa. Shabani akanipaka kitunguu usoni na kunipa ushauri wa maana kuliko wote katika maisha yangu ya Nairobi. "Nenda Riruta umtafute babake Kamau. Huyo mzee anaongea na nyuki kama mimi na hii jiko."

Riruta si mbali na Lavington. Unavuka bonde, unapanda, umefika. Lakini siku zile mimi Mmaragoli ningeweza kupita, na Mkikuyu aliyezaliwa pale hakuweza bila kibali. Nilimkuta Mzee Njoroge katika kijiji walimokusanywa Wakikuyu, chenye handaki pande zote na homugadi, askari mgambo wa serikali, getini. Alikuwa mwembamba, mwenye koti kuukuu la jeshi na masikio yaliyotogwa. Ndani ya nyumba mkewe alikuwa amelala kitandani, anakohoa. Alinisikia nikimtaja Kamau, akauliza kitu kwa Kikuyu, na mzee akamjibu kwa sauti ya chini.

"Ameuliza nini?" nikasema.

"Anauliza kama ni Kamau amekuja. Anauliza hivyo kila asubuhi." Akanitazama vizuri, uso wangu ukiwa umevimba kama boga. "Wewe ndio uko na kazi ya Kamau?"

"Ndiyo, Baba Kamau." Nikamweleza yaliyotupata.

"Na hao nyuki wa mzungu walikuja lini?" Nilipomwambia siku na upande waliotokea, alicheka mpaka akakohoa kama mkewe. Mizinga yake ya magogo ilikuwa bado imening'inia kwenye miti kule bondeni, mahali alipohamishwa. "Hao ni nyuki yangu. Mimi nikitaka kuvuka hiyo bonde, naambiwa kibali. Nyuki yangu imehama, imeingia nyumba ya mzungu bila kipande, na imepewa chai!"

Kisha akaacha kucheka. Akasema atanifundisha nyuki, kila kitu anachojua, asifiche hata kimoja. Malipo yake ni barua ya Kamau. "Mama yake hana siku nyingi. Mwambie mzungu. Yeye anataka kikombe, mimi nataka mtoto."

Nikampelekea Bwana Kitabu maneno hayo, na kwa mara ya kwanza suala la Kamau likaangaliwa kwa macho mawili. Akakubali. Barua ataandika, lakini baada ya maonyesho, kikombe kikipatikana. Papo hapo akaandika kibali cha mzee kuvuka bonde mara mbili kwa wiki, na kalamu haikumsumbua hata kidogo.

Vijana, yote niliyowafundisha ninyi kwenye stesheni niliyapata kwa yule mzee katika miezi ile michache, na mengi mmekuwa mkidhani yametoka kwenye semina. Kwanza tuliuhamisha mzinga kutoka kwenye meza ya chai mpaka nyuma ya ndizi, mlango ukatazama mawio ya jua na njia yao ikawa haikatizi njia ya mtu. Tulifungua jua likishuka, kukiwa na mwanga wa kutosha kuona mayai. Kwenye bomba la Uingereza tulitia mavi makavu ya ng'ombe na magunzi, tukatoa moshi wa polepole, baridi, usioudhi. Sikuoga kwa sabuni ya kunukia siku ya nyuki. Na sikusimama mbele ya mlango, nilisimama ubavuni, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi.

Lakini kabla ya hayo yote, mzee alichuchumaa pembeni mwa mlango wa mzinga na kutazama chini. Mara nyingine alikaa hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

"Kijana, usikimbilie kufungua. Soma mlango kwanza. Kitu iko ndani, nyuki ataleta nje."

Akanifundisha kusoma. Nyuki akiingia na chavua miguuni, malkia anataga. Madume yakiburutwa nje, kuna njaa. Funza weupe waliotupwa, kuna ugonjwa au baridi. Makombo ya nta, panya au mwizi. Yeye hakujua kusoma hata jina lake, lakini ule ukurasa wa udongo mbele ya mzinga aliusoma bila kukosea. Bwana Kitabu alikuja mara moja, akatutazama tumechuchumaa, akauliza kama tunasali.

Kundi likakua mpaka likataka kugawanyika, na Bwana hakutaka kungoja meli ilete mzinga wa pili. Akanipa kitabu chenye vipimo nikipeleke Ngara kwa fundi mmoja Kalasinga, ambaye ndevu zake zilikuwa zimejaa vumbi la mbao na moyo wake umejaa ukarimu. Nikamweleza kwamba kati ya fremu na fremu nafasi iwe ndogo sana, upana wa penseli.

"Penseli?" akasema. "Nyuki pia nataka pumua. Mimi naongeza, bure."

Akaongeza kila mahali. Na kwenye ubao wa ndani, ule unaokaa chini ya paa, akaacha tundu la ukubwa wa kidole gumba. "Hapa nimeweka dirisha," akaniambia kwa fahari. Nikaubeba mzinga ule kichwani kutoka Ngara, nikapita katikati ya mji na kupanda mpaka Lavington, na askari wawili walinisimamisha kuuliza kama ni jeneza la mtoto. Nyuki walipoingia, kila nafasi aliyoongeza fundi waliijaza masega ya kwenda kombo. Tuliuita mzinga wa Kalasinga, na ule wa kwanza tukauita Mwingereza. Asali ya Kalasinga ilikuwa tamu zaidi.

Kahawa ilichanua tena baada ya mvua, tukavuna. Mzee alichagua masega mwenyewe, yale yaliyozibwa pande zote, akayakamua kwa kitambaa bila haraka na bila moto. Kwenye maonyesho nilibeba chupa. Mzee hakuja, kibali chake hakikufika mjini. Bwana Kitabu alipata kikombe, akapigwa picha nacho, na nikamsikia akiwaeleza akina mama waliomzunguka kwamba siri ni kufuata kitabu.

Sasa ndipo mahali ambapo sicheki.

Jumamosi hiyohiyo ya maonyesho aliandika barua. Nampa haki yake, aliandika. Akanipa mkononi bila kuifunga, akasema mpe mzee aipeleke kwa Bwana Diisii, mkuu wa wilaya. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, Kiingereza changu kilitosha. Nilisimama nyuma ya ndizi nikaisoma. Ilisema Kamau ni mtu mwaminifu, alikuwa kazini, na ilimalizia kwa kusema kwamba nafasi yake katika nyumba hii inamngoja.

Nafasi yake! Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama ndani yake. Nilikuwa na mke nyumbani Maragoli mwenye mimba ya miezi saba, na kipande chenye sahihi moja, na bwana aliyekuwa tayari kunirudisha Kavirondo kwa ajili ya jicho lake. Nikasema nitaipeleka kesho. Chumbani sikuweza kuiweka kwa sababu Shabani aliijua kila nguo yangu, na polisi walikuwa wakipekua vyumba vya watumishi walipojisikia. Kulikuwa na mahali pamoja tu Lavington nzima ambapo hakuna mtu angetia mkono. Nikainua paa la mzinga wa Kalasinga, nikaiweka barua juu ya ubao wa ndani, nikafunika. Lile dirisha nililiona. Nikawaza, nyuki wana shida gani na karatasi?

Sikuwa na ubaya wa kutosha kuichoma wala wema wa kutosha kuipeleka. Basi ikakaa. Mzee akaja Jumanne, akauliza, "Mzungu ameandika?" Nikasema, "Bado, Baba Kamau." Akasema, "Haya," akachuchumaa mbele ya Mwingereza akanionyesha jinsi ya kumtambua malkia mzee kwa mwendo wake. Akaja Ijumaa. "Ameandika?" "Bado." "Haya. Mama yake jana hakula." Siku hiyo akanifundisha kuunganisha kundi dhaifu na lenye nguvu. Mara sita aliuliza, mara sita nikasema bado, na mara sita akanifundisha jambo jipya, bila kufupisha. Kila ninyi mnaponisifu kwa kuunganisha makundi, hicho ndicho ninachokumbuka. Jumapili nilikuwa nikiimba kwaya.

Wiki ya nne ikaanza. Mzee aliingia kwa njia ya bondeni, akanisalimu, akaenda moja kwa moja kwa Kalasinga, akachuchumaa. Akakaa sana. Mimi nilikuwa nawasha bomba. Kisha nikamwona akiokota kitu chini, akakiweka kiganjani, akakipuliza. Akaokota kingine. Mbele ya mlango wa mzinga kulikuwa na chembechembe nyeupe, kama unga wa muhogo uliomwagika, na baadhi yake zilikuwa na rangi ya samawati, rangi ya wino.

Nyuki hawapendi kitu kigeni ndani ya nyumba yao. Wasipoweza kukibeba hukitafuna, na wakishakitafuna huburuta vipande mpaka nje. Hilo ndilo somo pekee ambalo mzee hakuwa amenifundisha, kwa kuwa kwenye magogo yake hakuna mtu aliyewahi kuficha karatasi.

Aliinuka, akainua paa kwa mikono mitupu, bila moshi, na nyuki hawakumfanya lolote. Akatoa kilichobaki, nusu ya karatasi iliyotafunwa pembeni kama jani lililoliwa na viwavi. Akanipa.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Nisomee."

Nikamsomea. Kilichobaki kilikuwa neno mwaminifu, na nafasi yake, na sahihi. Nikamfasiria hivyohivyo. Nikalia, nikiwa mtu mzima mwenye bomba la moshi mkononi. Nilitaka anipige. Ningefurahi kama angenipiga.

"Iko hapa siku ngapi?"

"Ishirini na nne, Baba Kamau."

Akatikisa kichwa. Akarudisha paa, akalisawazisha pande zote, taratibu, kama kila siku. "Ulidhani Kamau akirudi, wewe utaenda wapi."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza." Akafuta mikono kwenye koti. "Leo utaandikisha ingine. Na mimi nikiwa hai, usimwambie mtoto yangu hii kitu. Ukimwambia, wewe utapumua, na yeye atabeba."

Jioni ile nilisimama barazani mbele ya Bwana Kitabu nikiwa nimejiandaa kukiri dhambi na kuondoka na blanketi langu. Nikamwambia barua iliwekwa ndani ya mzinga na nyuki wameitafuna. Sikufika mbali zaidi, maana alicheka mpaka akashika nguzo. Hakuuliza kwa nini. Alijua tayari kwa nini, kama alivyojua kila kitu. Aliwaeleza wageni wake kwa muda wote niliokaa pale kwamba watu wa Kavirondo wana mila ya kale ya kuweka barua ndani ya mizinga ili zibarikiwe na nyuki. Nadhani aliiandika mahali. Barua ya pili aliiandika akiwa amesimama, kwa muda ambao chai haipoi. Nikavuka nayo bonde jioni ileile nikikimbia, nikaiweka mkononi mwa mzee.

Kamau alirudi mwanzoni mwa mvua za vuli. Mama yake alikuwa amezikwa siku tisa kabla.

Mnaojua hesabu mmeshafanya hiyo hesabu. Mimi nimeifanya maisha yangu yote.

Alipokuja Lavington nilikuwa nimeshafunga blanketi langu na Biblia juu yake. Alikuwa amekonda, ana kovu jipya kwenye paji la uso. Nikamwonyesha chumba, kitanda, stoo, nikamwambia kila kitu kiko kama alivyokiacha, mimi naenda. Akatazama ule mzigo wangu.

"Unaenda wapi?"

"Nafasi yako, bwana. Umerudi."

"Nafasi ya kukata nyasi ya mtu aliyeliangalia jambo langu mwaka mzima?" Akacheka kama babake. "Kaa nayo, ndugu yangu. Mimi nimefuata jembe yangu."

Akalichukua lile lenye herufi K, akaliweka begani, akaenda. Ile kazi niliyoiba kwa siku ishirini na nne, mwenyewe hakuitaka hata kwa dakika moja.

Mengine mnayajua. Kamau ndiye yule Mzee Kamau wa Riruta ambaye kwake tumekuwa tukiwapeleka wanafunzi wote kuona magogo na masanduku yakifanya kazi pamoja. Mzee Njoroge aliishi mpaka akaiona bendera mpya, akafariki akiwa na wajukuu, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Aliniambia ninyamaze akiwa hai. Hakuniambia ninyamaze baada ya hapo. Huo unyamavu wa miaka yote iliyofuata ni wangu mwenyewe, sikuazima kwa mtu.

Na wiki jana, kwenye sherehe yenu, Kamau alisimama na soda yake. Mlimsikia. "Nyinyi mnamjua huyu kwa sababu ya nyuki," alisema. "Mimi namjua kwa sababu ya barua. Baba aliniambia, huyu ndiye alimfanya mzungu aandike mara mbili. Bila yeye ningeozea kule. Mama alikuwa ameenda, lakini baba nilimkuta." Mkapiga makofi. Mzee Njoroge hakuwa mwongo hata siku moja, na kila neno alilomwambia mwanawe lilikuwa kweli. Nami nikakaa pale mezani, mbele ya mtu aliyekuwa akinishukuru, nikamaliza keki yangu.

Kwa hiyo hii ndiyo kumbukumbu mliyoomba. Ibandikeni ubaoni kwenye stesheni. Nakala nyingine nimempa mjukuu wa Kamau leo asubuhi, nikamwambia amsomee babu yake, kwa sababu macho yake siku hizi ni mabovu. Kesho ni siku yetu ya kuvuna pale kwake Riruta. Nitafika mapema, jua kabla halijashuka, na sitabisha hodi mara moja. Nitachuchumaa nje ya lango lake, nitazame nini kitatoka.